Waya wa Kula Tu

Mwaka 2023 nilinunua Raspberry Pi Pico W, bodi ya kompyuta ndogo yenye urefu kama wa kiberiti. Nilitaka kujifunza MicroPython, yaani lugha ya programu ya Python iliyopunguzwa mwili ili ienee kwenye chipu yenye RAM ya kilobaiti 264.

Maelekezo yalikuwa mepesi. Shikilia kitufe cha BOOTSEL, chomeka waya, kompyuta itaiona bodi kama flashi; buruta humo faili la UF2, lile lenye MicroPython, basi. Nikashikilia, nikachomeka. Kompyuta kimya. Nilirudia mpaka kidole gumba kikabaki na alama ya kitufe. Na bodi yenyewe, sijui kwa ubahili gani, haina hata kitaa cha kukujulisha kwamba umeme umeingia. Usiku wa pili nilishaamini nimeiunguza.

Baba ni fundi redio pale Ngamiani, Tanga, tangu sijazaliwa. Alileta mita yake, akagusisha ncha kwenye vitundu viwili vya pembeni.

"Volti tano. Huyu mzima."

Akaushika waya wangu, uliokuja na taa ya kuchaji, akauchana kwa wembe bila kuniomba ruhusa. Ndani mlikuwa na nyaya mbili, nyekundu na nyeusi.

"Nyeupe na kijani ziko wapi? Hizo ndizo zinazozungumza. Huu umeumbwa kula tu, mwanangu."

Tukachomeka waya wa simu yake ya zamani. Papo hapo ile flashi, kwa jina RPI-RP2, ikajitokeza kwenye kioo. Faili likaingia, nikafungua Thonny, programu ya kuandikia kodi, nikaandika mistari yangu sita ya kuwasha na kuzima taa ndogo ya bodi, ile inayongoja amri. Taa haikuwaka, wala Thonny haikulalamika. Hapo mita ya baba haikuwa na msaada. Mfano niliounakili ulikuwa wa Pico ya kwanza, ile ya 2021, ambayo taa yake iko pini ya 25. Kwenye W taa imehamishiwa chipu ya Wi-Fi. Nikafuta 25, nikaandika "LED". Ikaanza kukonyeza.

"Mbona ina pupa hivyo?" baba akauliza.

Nikamwonyesha ile 0.5 ndani ya mabano ya sleep, amri ya kusubiri kwa sekunde. Akavaa miwani, akaifuta ile 0.5 kwa kidole kimoja, akaandika 3. Nikaiendesha. Akazima taa ya chumba, akaketi, akawa anahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu.