Skafu ya shangazi iliyojaa madoa ya bluu

Shangazi yangu yuko Newala, na Juni ikifika kule juu ya uwanda wa Makonde, asubuhi bila blanketi hutoki. Nikaamua kumfumia skafu ya mviringo, ile unaipitisha kichwani inakaa shingoni. Uzi niliutia rangi mwenyewe hapa Mtwara mjini: bluu, kijani, na vipande vyeupe.

Nimefika kama vidole vinne, naona balaa. Bluu yote imejikusanya upande mmoja, utadhani kuna mtu kamwaga wino. Nikajilaumu kwamba nimeharibu rangi. Kumbe mzunguko wangu wa vitanzi 96 ulikuwa unakula uzi karibu sawasawa na urefu wa rangi zinapojirudia, kwa hiyo kila bluu inaangukia juu ya bluu mwenzake.

Nikafumua yote (roho iliniuma!). Nikaanza na madonge mawili: mzunguko huu donge hili, unaofuata lile. Pale pa kubadilishana usivute uzi. Mimi nilivuta, pakajikunja kama mshono wa gunia. Vitanzi navyo nikaongeza vinne. Bluu ikatawanyika.

Madonge yakawa yanasokotana, basi moja nikaliweka kwenye ndoo kushoto, jingine kwenye kikapu kulia.