Siku moja maishani mwangu: mwalimu wa marubani, Kisumu

Saa kumi na moja alfajiri nishaamka, chai ya strungi na chapati ya jana, halafu boda kutoka Kondele mpaka kiwanja cha ndege. Jirani yangu akiniona na shati jeupe lazima aulize nitamletea nini Dubai. Mama, mimi sijawahi kupeleka mtu Dubai. Mimi ni mwalimu wa marubani, nakaa kiti cha kulia kwa Cessna 172, na wanafunzi wangu wanasomea laisensi ya kuruka binafsi, yaani kuruka kwa macho, mbali na mawingu.

Saa moja na nusu ni ukaguzi. Unatoa mafuta kidogo kwa chupa, unaangalia kama ni ya bluu na hayana maji, oili, matairi, bawa, kila kitu kwa mkono.

Saa mbili darasani. Leo ni redio za kutafutia njia, na mwanafunzi ni mzee mmoja mfanyabiashara, mtu wa heshima sana lakini mbishi. Nikamchorea: kituo cha VOR, yaani redio ya ardhini ya kuonyesha ndege njia, kinarusha mawimbi mawili, moja liko sawa pande zote, lingine linazunguka mara 30 kwa sekunde, redio ya ndege inapima tofauti yake ndo ijue uko kwenye mstari gani kati ya 360 inayotoka kituoni. Akanisikiliza, akaweka tableti mezani. "Mwalimu, mimi nimelipia kuruka kwa macho. Hizo sindano si ni za wale wa mawinguni? Ramani yote iko hapa." Nikamwambia sawa mzee, ibebe.

Saa tatu na nusu injini inaunguruma na tumesimama tu, tunangoja ndege ya abiria itue, halafu ingine iondoke, dakika ishirini hivi. Kisumu iko futi kama 3,700 juu ya bahari, jua likishapanda hewa inakuwa nyepesi na ndege inavuta kwa shida. Jasho linaingia mpaka kwa hedifoni. Na saa ya injini inahesabu pesa ya mzee, hiyo huniuma kama ni yangu.

Tukapaa, tukafuata mstari wa digrii 250 kutoka kituoni kwenda nje juu ya ziwa, magugumaji yametanda huku chini upande wa Usoma, mzee anafuata tableti kwa kioo na anafuata vizuri, siwezi kumnyima hiyo. Tulipofika karibu na kisiwa cha Ndere, maili kumi na tano hivi, tukageuka kurudi, na hapo ndipo tableti ikazima. Joto. Imekaa juani saa nzima, ikaandika imepata moto sana, kioo cheusi.

Sasa amebaki na sindano ya VOR, ile inayoonyesha mstari uliouchagua uko kushoto au kulia kwako. Iko kushoto kidogo, mzee akapinda kushoto. Ikaenda kushoto zaidi, akapinda tena. Mimi kimya. Hewa ilikuwa safi, nilijua tuko wapi, lakini kunyamaza ukiona mtu anapotea ni kazi ngumu kuliko kuongea, mikono yangu nilikuwa nimeikalia kabisa. Sindano ikafika mwisho, hiyo ni digrii kumi, kwa umbali ule ni kama maili mbili na nusu nje ya njia. Mbele ya pua ya ndege ni vilima vya Maseno.

"Mzee, hiyo ni njia ya nyumbani?"

"Sindano inasema kushoto, mwalimu."

"Herufi za kituo umezisikiza?" Kimya. Akafungua sauti, nukta na mistari ya Morse ikaingia masikioni, sawa, kituo ni chenyewe. "Bendera, ile alama ya TO ama FROM, kwenda kituoni ama kutoka, inasema aje?"

"FROM."

"Na sisi tunaenda wapi?"

Akanyamaza, halafu nikaona vidole vyake vinashika kile kitufe cha kuchagua mstari, kilikuwa bado kwa 250 ya kwenda ndo maana sindano ilisoma kinyume tukirudi, anakizungusha polepole mpaka 070, bendera ikageuka TO, sindano ikavuka yote ikalala kulia. Akatoa pumzi ndefu. Akapinda kulia bila kuambiwa. Kuanzia hapo kazi yangu ilikuwa kumtoa macho kwa sindano, mzee angalia nje, kuna korongo anaruka hapa, kuna ndege zingine, sindano ni ya kuchungulia tu, mpaka sauti ikanikauka.

Mchana ni omena na ugali, kama nusu saa. Mwanafunzi wa pili hakuruka, mawingu yalishajijenga juu ya Nandi kama kawaida ya huku, na sikuwa tayari kubishana na radi. Tukakaa ndani ya ndege ileile imefungwa kamba, nikamwashia ADF, ile redio ya zamani yenye mshale unaoelekea kituo, nikaweka kituo cha NDB, yaani mnara wa redio wa ardhini, akaona mwenyewe kila radi ikipiga kule Nandi mshale unaruka kuelekea huko. Hiyo hataisahau mtihani ukifika.

Baada ya hapo sijui saa ngapi. Mvua, makaratasi, kujaza logibuku za watu wawili, mgongo unauma. Mzee alikuwa bado kwa mlango amebeba tableti yake, anauliza kama Jumamosi tunaweza kurudia ule mstari wa 250, na safari hii anataka kuiacha tableti kwa gari.

Jumamosi ni siku yangu ya kupumzika. Nimemwandika saa moja asubuhi, kabla ya joto.