Saksafoni Kuukuu au Mpya?
Baada ya kudunduliza kwa muda mrefu, nilijikuta na fedha za kutosha saksafoni moja tu ya alto: ama Conn kuukuu iliyotengenezwa kabla ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, ama Yamaha YAS-280 mpya kabisa. Nakiri kwamba ile kuukuu iliniteka tangu pumzi ya kwanza, kwa kuwa sauti yake ilikuwa nzito, na rangi yake iliyochujuka ilinifanya nijione mwanamuziki kuliko nilivyo.

Fundi alizima taa ya chumbani, akapenyeza taa nyembamba ndani ya bomba la ile kuukuu na kufunga vibonyezo kimoja baada ya kingine. Mwanga ukavuja pembezoni mwa pedi karibu zote, yaani vile vibandiko vya ngozi vinavyoziba matundu ili hewa isivuje, kwani ngozi zake zilikuwa zimekauka na kukakamaa. Kubadilisha pedi zote na kurekebisha vyuma vilivyolegea kungegharimu karibu sawa na bei ya kuinunua. Isitoshe, kidole changu kidogo cha kushoto kilihangaika kufikia vibonyezo vya noti za chini.

Nilinunua mpya. Sauti yake ni safi, pengine safi mno, lakini noti ya chini kabisa hutoka bila kubembelezwa.