Kuushuka Mto Ng'ombe kwa Miguu

Tuliingia Tandale, Dar es Salaam, asubuhi, jua halijakaza, mimi na wanafunzi wanaosomea mipango miji, tukiongozwa na mjumbe wa serikali ya mtaa. Tulikusudia kuufuata Mto Ng'ombe hadi unapomwaga maji yake katika Mto Msimbazi, tukiingiza kwenye simu kila kidaraja, kalavati na mfereji, ili vyote vionekane katika OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo tangu 2004 yeyote anaweza kuichora na kuitumia bure.

Nyumba zilikuwa zimeshachorwa. Watu wanaojitolea, wengi wao hawajawahi kukanyaga Dar es Salaam, hufuatisha paa moja moja kutoka kwenye picha za satelaiti. Ndivyo walivyofanya Haiti baada ya tetemeko la Januari 2010, na waokoaji wakaitegemea ramani hiyo kupita Port-au-Prince. Kwetu mradi wa Ramani Huria ulianza 2015, ukawatoa wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam madarasani, wakashirikiana na wakazi kuchora mitaa inayofurika.

Lakini paa halikuambii maji yalifika wapi. Hilo tulilibishia hodi. Mama mmoja aliyekuwa akiosha vyombo barazani aliitikia shikamoo zetu, akajifuta mikono, akaweka kiganja ukutani usawa wa kifua.

"Hapa, mwanangu. Ile Desemba ya 2011."

Ni mafuriko yaliyoua watu wapatao 40 jijini. Jirani yake akadakia kwamba kwake maji hayakutokea mtoni kabisa. Yalirudi kinyumenyume kwenye mfereji, yakaingia kwa mlango wa uani wakati watu wote wanauangalia mto. Tukamwomba atupeleke. Mfereji ule uliishia kwenye kalavati lililojaa mchanga na chupa za plastiki, pakibaki upenyo wa kupitisha mkono tu. Tulipima upana wake, kina chake, tukapiga picha, tukaandika: limeziba. Pale nilisimama muda mrefu kuliko mahali pengine popote, kwa sababu hiyo ndiyo habari inayookoa watu, na ilikuwa kichwani mwa jirani mmoja. Wataalamu wakitumia programu kama InaSAFE, huweka eneo la mafuriko juu ya ramani ya nyumba, wakakadiria ni watu wangapi watahitaji hifadhi. Makadirio hayo hayawezi kuwa bora kuliko kile mkazi alichosema na kikaandikwa.

Majina ya wenye nyumba hatukuyaandika. Ramani hii inasomwa na kila mtu, na kina cha maji hakihitaji jina.

Mjumbe akatuonyesha pia uchochoro ambao watu huukimbilia usiku maji yakija. Si barabara kubwa, maana hiyo ndiyo inayozama kwanza. Ni kinjia kinachopanda mwinuko, na mikokoteni haipiti. Tukakichora.

Kutoka hapo tulitembea haraka, mitaro ikifanana, hadi bonde la Mkwajuni. Nyumba za hapa zilibomolewa mwishoni mwa 2015, lakini kwenye ramani baadhi zilikuwa bado zimesimama. Tulizifuta moja baada ya nyingine huku tukitembea juu ya misingi yake. Kazi hii inachosha moyo, ila lazima ifanyike: boti la uokoaji likitumwa kwenye nyumba isiyokuwepo, mwenye nyumba iliyopo anaachwa akisubiri.

Jioni tulifika Msimbazi, miguu imejaa tope. Usiku tukapandisha kazi yote mtandaoni. Asubuhi mjumbe aliomba ramani ya mtaa wake ichapishwe kwa karatasi kubwa, akazungushia kalavati kwa wino mwekundu, akaipeleka ofisini kudai lizibuliwe kabla ya masika.