Filme za wakubwa za Ufilipino, tuziangalie na heshima

Hapa Goma batu wengi banajua Ufilipino juu ya telenovela za mapenzi tu, lakini sinema yao ya wakubwa iko na historia nzito sana na mimi naipenda kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kulikuwa zile filme banaita bomba, miili uchi na pesa ya haraka, sizihesabu sana. Kisha rais Marcos akaweka sheria ya kijeshi mu 1972, sansire ikakaza, na ni mu hiyo miaka mutengeneza filme Lino Brocka alifanya filme Insiang (1976). Inaanzia mu machinjio, nguruwe zinalia, damu inatiririka, halafu tunaingia Tondo, kartie ya masikini ya Manila, binti anabakwa na mupenzi wa mama yake, na mama anamshikilia mwanaume! Pale hakuna tamaa ya kuuza, ni hasira tupu. Festivali ya filme ya Cannes, Ufaransa, waliionyesha mu 1978. Mu 1980 Ishmael Bernal naye, mutengeneza filme mwingine, mu filme yake Manila by Night akaonyesha usiku wa Manila, malaya, madawa ya kulevya, yote, Imelda Marcos, bibi ya rais, akakasirika, ikabidi jina Manila litolewe kwenye filme, kama vile kufuta jina kungelisha wale batu wa Tondo.