Utaniacha nje?

Wiki hii gari la pili limefika kwenye kikosi chetu cha zimamoto cha kujitolea na mdogo wangu kavishwa pete, lakini ninachosikia kichwani ni sauti ya Mzee, mwenzetu wa kikosini, pale kwenye kabati la mitungi ya hewa ya kupumulia.

"Mwanangu, umeniandika sikuhudhuria?"

"Ndiyo, Mzee. Hukuhudhuria."

"Na moto ukiwaka kesho, utaniacha nje?"

"Utakaa nje, Mzee, mpaka ufidie zoezi."

Akafunga kabati taratibu, akaenda zake. Bora angefoka.

Kanuni mnaijua: zoezi la mitungi na barakoa ni kila mwezi, na aliyelikosa haingii kwenye moshi mpaka alifidie. Kuna wanaosema hawa watu wanajitolea, utawabanaje? Kutolipwa kunampa mtu haki ya kukataa kuitwa usiku. Hakumpi haki ya kuingia na mwenzake ndani ya nyumba inayoungua akiwa hajajiandaa.

Fanyeni hesabu. Mtungi wa lita 6 uliojazwa hadi baa 300 (baa ni kipimo cha presha) una takriban lita 1,800 za hewa. Filimbi ya tahadhari hulia karibu na baa 55, na hapo mnatakiwa muwe mmeshatoka, si ndiyo muanze kutoka. Kwa hiyo za kufanyia kazi ni kama lita 1,470. Anayepanda ngazi akivuta mpira wa maji hutumia lita 60 kwa dakika, pengine zaidi. Hizo ni dakika 24 hivi, kwenda na kurudi. Wanaingia wawili, wanatoka wawili: hewa ya mmoja ikipungua, muda wa wote wawili umekwisha. Barakoa ikivuja, presha ya ndani husukuma hewa nje na mtungi unaisha mapema. Kwa hiyo barakoa ya Mzee inamhusu pia kijana anayeingia naye.

Ndiyo maana saini haitoshi. Mtu anaweza kusaini, akasimama nyuma dakika kumi, akaondoka. Daftari letu linaandika alichofanya kwa mikono yake na nani alimtazama. Vali inafunguliwa taratibu mpaka mwisho, kipimo kinasomwa, kisha vali inafungwa na sindano inatazamwa dakika nzima: ikishuka zaidi ya baa 10, kifaa kinawekwa kando. Baada ya hapo hewa inaachiwa kidogo kidogo ili filimbi isikike inapoanzia. Barakoa inaanzia kidevuni, mikanda ya chini inakazwa kwanza, ndipo ya juu. Mwisho unaziba njia ya hewa kwa kiganja na kuvuta pumzi. Barakoa lazima inate usoni na ibaki imenata. Unywele mmoja chini ya mpira unatosha kuharibu. Ndevu ndiyo kabisa.

Tena zoezi hilo la mwezi lifanyike mara mbili, somo lilelile, asubuhi na jioni. Wenye zamu za usiku wakipewa siku moja tu, utawaadhibu kwa sababu ya ratiba, na hapo malalamiko yao yatakuwa ya haki.

Jana jioni Mzee akaja kufidia. Ndevu zake zilikuwa palepale. Akapima vali, akasoma sindano, akasikiliza filimbi, bila kosa hata moja. Akavaa barakoa, akaziba kwa kiganja, akavuta pumzi. Haikunata. Akakaza mikanda upya, akajaribu tena. Haikunata. Nilikuwa nimeshika kalamu, moyo unanidunda, maana kumwandika abaki nje kwa mara ya pili ilikuwa kazi nzito.

Akaivua mwenyewe. "Niandike pampu," akasema.

Kisha akawaita vijana kwenye gari jipya, akawaonyesha kutafuta uvujaji kwenye mpira wa kuvutia maji: pampu isipovuta, angalieni kwanza maungio na mipira yake ya kuzibia, halafu kama chujio limezama vizuri, kabla hamjailaumu mashine. Vijana hawakutaka kuondoka. Nimefurahi kiasi cha kushindwa kuficha. Mwezi ujao nimempa kituo cha pampu akisimamie, na jina lake litakaa kwenye safu ya watazamaji.

Sasa wasiwasi wangu ni kikohozi cha Mama. Anasema ni vumbi. Daktari alitaka arudi kupigwa picha ya kifua, na kila nikimkumbusha anageuza mazungumzo.