Hamira ya mgongoni

Februari 1998, mvua za El Nino zilikuwa zimetuachia, pale Keko, Dar es Salaam, kuta zenye ukungu na joto la kugandisha shati mgongoni. Nilikuwa na miaka 14. Kila alfajiri mama alikaanga maandazi, nami nikiyatembeza kwenye beseni kabla ya shule.

Asubuhi moja, mama wa nyumba ya tatu alikuwa ameshachagua manne. Akanitazama shingoni, akayarudisha moja moja.

"Mwanangu, ngozi yako ina nini?"

Shingo na mgongo vilikuwa vimejaa mabaka meupemeupe. Bibi alisema ni choa, akawa ananipaka mafuta ya nazi asubuhi na jioni. Yakazidi kuenea. Miaka ile baka lolote mwilini lilipewa jina moja tu, nalo halikutajwa kwa sauti. Haikupita wiki, beseni likaanza kurudi limejaa. Mama hakulia mbele yangu. Alipunguza unga tu: kilo mbili, kilo moja, mwisho akaacha kabisa.

Akanipeleka zahanati. Kijana wa maabara alinikwangua mgongoni kwa wembe, taratibu, magamba laini kama unga wa ngano yakidondoka juu ya kioo. Akatonesha dawa, akakipasha kioo moto kidogo, akachungulia kwenye hadubini, kisha akaniita. Niliona vijiti vifupi vilivyopinda na mashada ya viduara, kama tambi zilizochanganywa na choroko.

"Ni fangasi wa jamii ya hamira," alisema.

Mama akashika mdomo. "Hamira? Hii ya maandazi yangu?"

"Hapana, mama. Huyu anaitwa Malassezia. Anaishi kwenye ngozi za watu wote, chakula chake mafuta ya ngozi. Joto na jasho vikizidi anastawi, anatoa asidi inayozuia ngozi kutengeneza rangi. Haambukizi. Ila hayo mafuta ya nazi muache kumpaka."

Akatuambia mbwa wanaonuka masikio mara nyingi wanasumbuliwa na ndugu yake, na kwamba ndugu huyo aligunduliwa kwenye ngozi ya kifaru. Mama hakuwa na habari na kifaru.

"Ina maana hata mimi ninaye?"

"Unaye, mama. Hata mimi ninaye."

Tulipewa dawa ya kuoshea nywele yenye seleniamu: nipakwe mgongoni, nikae dakika 10, nioge, kwa siku 7. Magamba yataisha, alisema, lakini rangi itachukua miezi kurudi, na joto likija huenda mabaka yakarudi.

Mama hakusubiri rangi. Jioni ile ile alinishika mkono hadi nyumba ya tatu, akapiga hodi, akanivua shati pale pale kibarazani na kueleza yote, hamira, jasho, asidi, sauti ikimtetemeka. Yule mama alisikiliza hadi mwisho. Kisha akageuka nyuma kuhakikisha hakuna anayetazama, akateremsha kanga begani.

"Hebu niangalie na mimi."